Baraka za Kujaribu Sauti

Mama Viti alishuka kwenye gari la hoteli akiwa ameshachukia. Njia nzima kutoka uwanja wa ndege walikuwa wamepita mabango ya watu wanaocheka: wanacheka ndani ya maji, wanacheka wakila, wanacheka wamelala kifudifudi mgongo ukipakwa mafuta. Yeye aliamini kwamba mtu mzima anayecheka muda wote bila kuambiwa kitu ama ni mgonjwa ama anauza kitu.

Mapokezi walimfunga mkononi ukanda wa plastiki wa rangi ya machungwa, kana kwamba ni mzigo unaosubiri kupakiwa. Msichana mwenye tabasamu la kuazima akampa glasi ya maji ya matunda yenye kijimwavuli juu. Mama Viti alikichomoa kile kijimwavuli, akakigeuzageuza, akauliza kinamkinga nani. Msichana akacheka. Hata huyu naye, Mama Viti alijisemea, akasonya.

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake la kuzaliwa. Alikuwa Mama Viti kwa sababu alikodisha viti, maturubai na masufuria makubwa kwa wenye shughuli, hasa za harusi. Harusi alikuwa ameziona mpaka zikamtoka puani. Alikuwa ameona maharusi waliogombana kabla viti vyao havijaoshwa, na bwana harusi mmoja aliyekuja kukodi tena mwaka uleule, kwa mke mwingine, akaomba maua yaleyale. Lakini mali yake kubwa haikuwa viti, ilikuwa neno lake. Mteja alifika ghalani, akataja Jumamosi anayoitaka, na Mama Viti akisema "limekuwa lako," basi turubai lilikuwa la mtu huyo, hata aje mwingine na gari la vioo vyeusi. Siku moja alichanganya tarehe, akawaahidi watu wawili turubai moja. Mwingine angemtafutia mmoja wao uongo wa kumtuliza. Yeye alikwenda kwa mshindani wake, mtu ambaye walikuwa hata hawasalimiani, akakodi turubai la kule na kusimamia mwenyewe linavyofungwa, kutwa nzima amenuna. Tangu hapo watu walisema neno la Mama Viti likitoka limetoka, naye aliipenda sifa hiyo kuliko nyumba yake.

Sasa alikuwa hapa ufukweni kwa ajili ya neno hilohilo. Binti yake wa pekee alitaka kuolewa, na alikuwa ametangaza kwa wajomba na mashangazi kwamba haolewi mpaka mama yake abariki. Mama Viti alikuwa hajasema ndiyo wala hapana. Mchumba mwenyewe alifanya kazi kwenye ofisi ya wakala wa safari, na ndiye aliyepata vyumba hivi kwa bei ya marafiki. "Mama aje apumzike," alisema, "atufahamu vizuri, halafu aamue." Mama Viti akakubali kwa sharti moja: jibu atalitoa siku ya mwisho, wakishamaliza chakula cha usiku, na kabla ya hapo asiulizwe.

Ukweli ni kwamba alikuja kutafuta sababu ya kukataa. Alimpa kijana jina la Miwani tangu siku ya kwanza, kwa vile alivaa miwani ya jua juu ya paji la uso hata ndani ya nyumba. Miwani alikubali kila kitu. Ukisema joto, ni joto. Ukisema upepo umetulia, umetulia. Mwanamume asiye na "hapana" mdomoni alimkera Mama Viti kama hema lililofungwa kamba zikalegea.

Asubuhi iliyofuata walimpeleka ufukweni. Ndiyo hii? Ndicho watu wanachouzia mashamba waje kukiona? Mchanga, maji yasiyonyweka, na watu wamejipanga kwenye vitanda vya plastiki wakijikaanga, mara upande huu mara upande ule, kwa bidii ambayo Mama Viti hakuwahi kuiona kwa vijana wake wa kuosha viti. Mzee mmoja mwenye kitambi alikuwa mwekundu mpaka masikioni na bado alikuwa anasogeza kitanda chake kulifuata jua. Mama mwingine aliweka taulo kwenye kitanda asichokilalia, akaenda kukaa mbali na kukilinda kwa macho. Mama Viti alikibonyeza kitanda kilichokuwa karibu yake. Miguu ya kitanda ilikuwa imepasuka, ikaungwa kwa gundi. Alimpandisha na kumshusha kwa macho mfanyakazi aliyesimama pale, naye akajifanya anaangalia bahari.

"Mama, goti lako halitapenda kitanda cha chini," alisema Miwani. Alikuwa amekwenda mpaka mgahawani akarudi na kiti cha mbao chenye mgongo, amekibeba kichwani. "Kaa hapa."

"Nani amekwambia habari za goti langu?"

"Nimekuona jana kwenye ngazi."

Anajipendekeza, aliwaza Mama Viti, akakaa. Kiti kilikuwa kizuri, na hilo likamuudhi.

Kilichomshangaza zaidi ni bembea. Ilikuwa imefungwa kwenye miti miwili pembezoni mwa maji, na mbele yake watu walipanga foleni kama wanangoja dawa. Zamu ikifika, mtu alikaa, akarusha nywele nyuma, akacheka na hewa, mwenzake akampiga picha, akashuka uso umekunjamana vilevile kama alivyopanda. Hakuna aliyebembea. Mama Viti aliwatazama muda mrefu akingoja angalau mjinga mmoja asukumwe, asimwone.

"Binti yangu naye yupo kwenye foleni ile?" alimwuliza Miwani.

"Yupo, Mama. Ni kazi yake."

Ilikuwa kazi yake kweli. Kwenye simu binti alijiita Bibie wa Mawimbi, ingawa kuogelea hajui, na watu wasiohesabika walimfuata kutwa kucha waone amekula nini na wapi. Mama Viti hakuwahi kuifuatilia kazi hiyo kwa karibu. Nyumbani aliona tu mtoto amekaa sebuleni anaongea na simu, akadhani ni ujana. Huku alimwona akiwa kazini.

Alimwona akimwita mama mmoja muuza shanga, mtu mzima, mguu mmoja anauburuta. Binti akachagua shanga, akazivaa, akamkumbatia yule mama shavu kwa shavu huku Miwani akishika simu, akasema kwa sauti tamu ajabu kwamba safari hii imemfunza kuwapenda watu wa kawaida. Simu iliposhushwa, akazivua shanga.

"Chukua, shoga yangu, nimeshapata nilichotaka."

Muuza shanga alibaki kazishika, hajui acheke au adai. "Samahani, mama," Miwani alimwambia kwa sauti ya chini. "Samahani sana." Binti alikuwa ameshaondoka anaangalia picha. Mama Viti alibetua midomo. Mwanamume mzima anaomba msamaha kama mpangaji aliyechelewesha kodi! Alimdharau kwa hilo hata akasahau kumwangalia mwenye kosa.

Basi ikafika siku ya mwisho. Binti alimwamsha mama yake jua likiwa halijapanda vizuri.

"Mama, vaa lile gauni la buluu. Tunarekodi pete."

"Pete gani? Jibu langu si usiku?"

"Jibu lako ni usiku, nani amekataa? Hii ni picha tu. Tukingoja usiku mwanga utakuwa umekwisha."

Mama Viti alivaa gauni la buluu huku akinung'unika. Ufukweni alikuta mioyo imechorwa mchangani na maua yamemwagwa, maua ya plastiki, ambayo hata yeye ghalani kwake asingethubutu kuyatoa kwa msiba. Simu ilikuwa imesimamishwa kwenye vyuma vya miguu mitatu. Miwani alipiga magoti, akafungua kijisanduku, akasema maneno yake. Binti akaziba mdomo kwa viganja viwili kwa mshangao.

"Acha," alisema binti, akaondoa viganja. "Meno yamezidi. Tabasamu dogo. Rudia."

Miwani akarudia.

"Umenifunikia mwanga na bega. Rudia. Na wewe kaka wa mtumbwi! Ondoka hapo nyuma, unaniharibia bahari."

Mwenye mtumbwi akaukokota mtumbwi wake pembeni. Miwani akapiga magoti tena, suruali imelowa mpaka mapajani, na binti akashangaa upya, macho yakajaa machozi palepale yalipotakiwa. Mama Viti alimtazama mtoto wake akilia kwa amri yake mwenyewe. Huyu amejifunza wapi? Kumbukumbu zake zilimtafutia mtu wa ukoo aliyekuwa hivyo, hazikumpata.

"Sasa wewe, Mama. Utatoka kule, uje pole pole, umshike yeye mkono na mimi mkono, useme, 'Wanangu, nimewabariki.'"

"Sisemi kitu ambacho sijakiamua."

"Jamani, Mama! Ni kujaribu sauti tu. Upepo unasumbua, nataka kujua kama tunasikika. Ukitaka kusema ya kweli, si utasema usiku?"

"Kujaribu tu?"

"Kujaribu tu. Haki ya nani."

Mama Viti alimwangalia Miwani. Miwani alikuwa bado kwenye magoti, anakung'uta mchanga. Watu wa vitandani walikuwa wameanza kukusanyika, na yule mzee mwekundu ameshatoa macho. Mama Viti alitaka jambo liishe wakanywe chai. Alitembea pole pole, akawashika mikono, na jua likampiga machoni mpaka yakamtoka machozi.

"Wanangu," alisema kwa uso mkavu, "nimewabariki."

Watu wakapiga makofi. Mtu mmoja akapiga mluzi. Binti akamkumbatia, akamnong'oneza, "Umeua, Mama," halafu akaenda kwenye simu yake. Mama Viti alisimama pale akingoja aambiwe sasa turudie, maana kila kitu kilirudiwa. Hakuambiwa. Binti alisema tu, "Tayari, tukale."

Wakati wa chakula cha mchana ndipo alipojua alichofanyiwa. Alikuwa ameinamia sahani ya vitu alivyojipakulia kwa hasira, kwa kuwa chakula cha pale mtu alijipakulia mwenyewe kisha akaambiwa amehudumiwa. Simu yake ikalia. Alikuwa ni mdogo wake, na kabla ya salamu alipiga vigelegele mpaka Mama Viti akaiondoa simu sikioni.

"Dada! Ulikuwa unatuficha! Nimekuona unalia, na mimi huku nimelia!"

"Umeniona wapi?"

"Wapi tena? Mtaa mzima umekuona. Shemeji yako ameangalia mara mbili, na unajua alivyo mgumu."

Hakuwa ameweka simu chini vizuri, akapiga kijana wake wa ghalani. Alikuwa anacheka. Wateja walikuwa wamefika ghalani kutoa pongezi, na wengine walitaka kujua kama harusi ya mtoto wa Mama Viti itachukua maturubai yote au watabakishiwa. Kisha akapiga yule mshindani wake, yule wa kununiana, ambaye miaka yote hakuwahi kumpigia. "Hongera, jirani," alisema. "Nilikuwa nabishana na watu hapa kwamba huyo kijana hutamkubali. Lakini nimekusikia kwa masikio yangu, na wewe ukisema umesema."

Mama Viti alishukuru. Angesema nini kingine? Aliinuka, akaacha sahani ilivyo, akapanda ngazi kwenda chumbani, goti linamuuma kila hatua.

Binti alikuwa mbele ya kioo anapaka krimu shingoni.

"Futa," alisema Mama Viti.

"Nifute nini?"

"Usinifanye mtoto. Ulisema kujaribu sauti."

"Na sauti ikatoka nzuri." Binti alimtazama kupitia kioo, hakugeuka. "Mama, keti kwanza. Mbona unahema? Watu wamependa. Wanasema hawajawahi kuona mama mwenye mapenzi kama wewe. Kuna hoteli mbili zimeshaniandikia."

"Nilikuwa sijaamua."

"Ulikuwa umeshaamua. Ulikuwa unakataa. Unafikiri sikujui? Umekuja huku kuhesabu makosa ya mwenzio, mara miwani, mara anakubali kila kitu. Ningengoja mpaka usiku ungenitolea hapana yako, na wajomba wote wangekufuata. Sasa si mambo yamekuwa rahisi?"

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Basi ndiyo maana watu huulizwa!"

Binti alifunga kopo la krimu. Alipogeuka alikuwa anatabasamu, tabasamu lile dogo alilomfundisha Miwani asubuhi.

"Haya, nifute. Halafu wewe utawaambia nini? Kwamba Mama Viti alisimama mbele ya watu akasema neno ambalo si lake? Umenilea unaniambia neno lako likitoka limetoka. Limetoka, Mama. Hata mimi siwezi kulirudisha."

Mama Viti alikaa kitandani. Kwenye shuka mfanyakazi wa usafi alikuwa amekunja taulo mbili zikawa mabata yanayobusiana. Aliyasukuma yakaanguka chini. Alikuwa amedharau vitu vingi katika siku hizi chache, tena kwa raha, kama mtu anavyokuna kipele. Alidharau mabango, vijimwavuli, foleni ya bembea, mzee mwekundu, kijana wa watu. Sasa dharau ileile ilimpanda kwa mtoto wake wa kumzaa, na haikuwa na raha yoyote. Alitaka kulia, akakataa, kwa kuwa simu ilikuwa pale mezani naye hakuiamini.

"Nenda kwenye shughuli zako," alimwambia. "Niache nipumzike. Si ndicho mlichonileta kufanya?"

Usiku walikula wote watatu kama kawaida. Binti aliongea peke yake. Walipomaliza alikwenda kwenye bwawa la kuogelea, ambako hoteli ilikuwa imewasha taa za rangi, akasema mwanga ule asiukose. Wala hakukumbuka kwamba hii ndiyo saa iliyokuwa imewekwa kwa jibu. Mama Viti alibaki mezani anamenya chungwa asilolitaka.

Miwani hakuondoka. Aliivua miwani yake kwenye paji la uso na kuiweka mezani. Bila miwani alionekana mdogo zaidi, na amechoka.

"Mama," alisema, "mimi nilijua ni kujaribu. Nilidhani atafuta. Nilipoona ameirusha video ile mtandaoni nikamwambia aitoe, akasema niache ushamba."

"Na wewe ukakubali."

"Nikakubali." Hakujitetea. "Lakini mimi nilikuja huku kwa ajili ya jibu. Watu wameliona, mimi sijalisikia. Kwa hiyo nimekaa nikuulize mwenyewe. Unanikubali au hunikubali?"

Mama Viti aliacha kumenya. Huyu ndiye wa kwanza aliyemuuliza. Miezi yote hii aliulizwa atatoa viti vingapi, atavaa nini, wageni walale wapi, na leo aliambiwa jibu lake kabla hajalitoa. Alimtafutia kijana yale makosa aliyokuwa amemwekea akiba. Alikumbuka kiti cha mbao kilichobebwa kichwani, na samahani kwa muuza shanga, na magoti kwenye mchanga uliolowa. Aliona haya, na kwa kuwa hakuzoea kuona haya, alikasirika.

"Nikikukataa utafanya nini?"

"Nitakwenda pale kwenye bwawa nimwambie umenikataa. Asubuhi nitawapeleka uwanja wa ndege, halafu nitakwenda kwetu."

"Bila kubisha?"

"Wewe ni mama yake. Nibishe nini?"

Mama Viti alifuta mikono yake polepole, kidole kimoja kimoja.

"Sikiliza, mwanangu," alisema, na alikuwa hajawahi kumwita hivyo, isipokuwa asubuhi kwa amri. "Mimi nimesema mbele ya watu. Nimedanganywa, lakini mdomo ulikuwa wangu, na sitakwenda kumwambia mtu yeyote kwamba sikusema. Viti nitatoa. Maturubai nitatoa yote. Nitacheza, nitapiga vigelegele, hutaona kasoro. Hilo ni la watu. Wewe umeniuliza la kwako, na la kwako nitakujibu."

"Ndiyo, Mama."

"Wewe sina neno na wewe. Nilikutafutia kosa nikachoka. Ungekuja kwangu na mtoto wa mtu mwingine, ningekupa turubai bure." Kule kwenye bwawa binti yake alikuwa anaiambia simu kwamba leo ni siku ya furaha kuliko zote maishani mwake. "Lakini ningekuwa mimi ndiye mama yako, ningekataa."

Miwani alimtazama, mdomo wazi, kama aliyetaka kukubali kwa mazoea halafu neno likamkwama. Mama Viti aliyashikilia macho yake. Alitaka kijana aelewe kwamba hakuwa anatania, na kwamba kusema hivyo kulimtoa damu.

"Mpenzi!" binti aliita. "Njoo basi, unanipotezea mwanga!"

Kijana aliangalia kule, akamwangalia Mama Viti, akaangalia tena kule. Akainuka, akavuta kiti chake akakirudisha vizuri chini ya meza, akasema, "Usiku mwema, Mama." Kisha akaenda alikoitwa.